Mnyororo Uliohimili Radi

Mama alipotoka hospitali ya Kabanga, mguu wake ukiwa bado umefungwa, daktari hakutaka arudi Kitanga moja kwa moja. Barabara ya kwetu ni mashimo matupu, na alitakiwa kuonwa tena kliniki. Basi akaja kukaa nami Kasulu mjini, katika chumba nilichopanga nyuma ya duka la vitenge. Akanikuta katikati ya kazi ambayo mpaka leo sijafanya nyingine iliyonitetemesha kama ile.

Mimi naandika programu za kompyuta. Wakati huo nilikuwa natengeneza maktaba ya kuhifadhi kumbukumbu za sarafu za mtandaoni, zile pesa zisizo na noti wala benki: nani kamtumia nani, na kiasi gani. Mama alilipenda neno maktaba. Akawaambia majirani kuwa binti yake anajenga nyumba ya vitabu, hata mwenye duka akaja kuniuliza kama vya darasa la saba vitakuwemo. Nikawaeleza kwamba ni kipande cha programu ambacho waandishi wengine hukichukua na kukitia ndani ya kazi zao, kama fundi anayenunua mlango uliokwisha tengenezwa badala ya kupasua mbao mwenyewe. Changu kilikuwa cha kutunza kumbukumbu ndani ya simu au kompyuta yenyewe, katika hifadhidata ndogo, mfano wa daftari, ili mtu asitegemee mitambo mikubwa iliyo mbali.

Wenzangu katika kazi hiyo walikuwa nchi za nje, nami niliwajua kwa sauti tu. Niliwauliza itakuwaje umeme ukikatika wakati kumbukumbu inaandikwa, nusu imeingia na nusu bado. Mmoja akasema hilo hutokea mara chache. Nikamjibu kwamba kwetu hutokea kabla chai haijachemka. Wakacheka, kisha wakaniachia sehemu hiyo niiandike mimi.

Nilipoimaliza nikaanza kuijaribu kwa kushusha kumbukumbu zote za sarafu moja ndogo, tangu ya kwanza kabisa. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, kazi ikachukua siku nyingi. Betri ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa zamani, hivyo tulitegemea umeme wa ukutani. Mama alizoea mngurumo wa feni ya kompyuta. Akipita na mkongojo, alikuwa anaweka kiganja pale inapotoka hewa ya moto.

Alasiri moja mvua ikashuka kutoka milimani. Radi ikapiga karibu sana, bati likalia, kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Mama alitamka jina la Imana, ndivyo kwetu tunavyomwita Mungu, kwa sauti ya chini. Nilinusa plagi iliyoungua na nikajua kumbukumbu zilikuwa zinaandikwa wakati ule ule. Mama akasema tule kwanza. Alikuwa amepika ugali wa muhogo na maharage ya mawese, lakini nilikula nikiitazama kompyuta tu.

Umeme ulirudi asubuhi. Nikabadilisha plagi, nikawasha. Maktaba ikaanza kujikagua yenyewe. Ikakuta kumbukumbu moja iliyoandikwa nusu, ikaitupa, ikarudi kwenye ile ya mwisho iliyokuwa kamili, kisha ikaendelea kutoka hapo kama mtu aliyejikwaa akainuka. Sentensi zile za programu niliziandika mimi mwenyewe, na bado nilizitazama kama nisiyezijua. Machozi yakanitoka.

Mama akataka kujua ninacholilia. Nikamwambia kila kumbukumbu hubeba muhuri uliotokana na iliyoitangulia, zote zimefungana kama mnyororo. Ili aone, nilichukua nakala, nikabadilisha tarakimu moja katika kumbukumbu ya miaka ya nyuma, nikaiomba maktaba iikague. Ikakataa. Kuanzia pale nilipogusa, hakuna kilichokubalika tena.

Mama alisogea kuyatazama maandishi mekundu ya kukataa.

"Huyo aliyeandika ya kwanza mnamjua?"

"Hapana, mama."

"Na nani anaitunza?"

"Kila anayetaka. Sasa hivi hata sisi tunaitunza, humu chumbani."

Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Irudishe kama ilivyokuwa."

Nikamwambia ni nakala tu, haina madhara kwa mtu yeyote.

"Hata hivyo, mwanangu. Irudishe."

Nikaiandika upya tarakimu ile, tukangoja pamoja mpaka maktaba ikasema sawa. Mama akashusha pumzi, akaenda kuchambua mchele.

Wenzangu waliikubali kazi, na ile sehemu ya umeme ikaingia bila kubadilishwa. Mguu wa mama ulipopata nguvu nilimsindikiza Kibondo kwa dada yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu. Tulikuta mtandao umekatika mji mzima. Dada akauliza kama kazi yangu inaweza kuonekana hivyo hivyo, nikaifungua mezani kwake. Kila kitu kilikuwepo, bila kuomba chochote kutoka nje. Akasema anataka kuiona ya kwanza kabisa. Nikarudi nyuma, kumbukumbu moja baada ya nyingine, mpaka ile ya kwanza: watu wasiojuana, wa nchi ambazo hatutafika, kila mmoja amemshika aliyemtangulia.

Dada alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mama akavuta kigoda chake karibu. Nami sikuwa na haraka ya kuifunga kompyuta.