Jagi la Mama Rhobi

Juzi, bandani kwa jirani yangu hapa Nyarero, nilimkuta bwana mifugo akiwanywesha watoto wa nguruwe maji ya chumvi na sukari. Walikuwa wanaharisha. Harufu ile kali ilinirudisha utotoni, kwenye mchana mmoja ambapo watoto watatu wa nguruwe wetu walikuwa wamekufa na wawili wamelala wakitetemeka.

Enzi hizo kila mtu alikuwa anatafuta dhahabu. Jirani yetu Mama Rhobi aliosha mchanga wake karibu na banda letu, nami niliamini kila beseni lake lina zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu.

"Ni yeye, mama," nilisema. "Anamwaga maji yake hapa."

Mara Mama Rhobi akaja na jagi. "Mama Bhoke, wanyweshe haya. Nimechemsha, nikatia chumvi na sukari."

Mama alilinusa jagi, akaniangalia, kisha akamwaga yote chini. "Sumu yako kawape wa kwako!"

Wale wawili walikufa kabla jua halijazama.

Juzi nilipomsimulia hayo, bwana mifugo aliniambia ni bakteria, wanazaliana kwenye kinyesi kisichozolewa. Akaniuliza nani alisafisha banda letu zamani hizo. Nikasema sikumbuki.

Nakumbuka vizuri. Nilikuwa natandaza majani mabichi juu ya uchafu, ili mama akichungulia aone pasafi, kisha nakimbia kumtazama Mama Rhobi akiosha dhahabu.