Banda la Shangazi Juu ya Ghorofa

Shangazi yangu ni dobi, na anaishi juu kabisa ya jengo la ghorofa sita, katika banda la mabati lililoegemea ukuta wa tangi la maji. Marehemu mumewe alilijenga kwa ruhusa ya mwenye nyumba wa zamani. Humo amelea wanawe, amefiwa, na amefua nguo za jengo zima mpaka vidole vimekakamaa. Wapangaji humwita Mama Povu. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Waliomngoja yeye wamechoka.

Mwenye nyumba huyo alipofariki, mwanawe akarithi. Huyu ana makuu. Alipanda na mkandarasi, akatangaza kwamba Jumamosi banda litavunjwa, pajengwe penthausi.

"Ndiyo nini hiyo?" shangazi akauliza.

"Nyumba ya matajiri, huku juu. Wewe nitakupa chumba chini, karibu na mapipa ya taka."

Nilikuwepo, nikachemka. Mimi nafundisha lugha. Nikamwambia kwamba neno hilo Waingereza walilitoa kwenye Kifaransa cha kale, na hapo mwanzo lilikuwa jina la kibanda chenye paa la mteremko, kilichoegemezwa ukuta wa jengo kubwa. Utajiri umelivamia juzi tu.

Akacheka. "Mwalimu, kamusi si hatimiliki."

Kweli si hatimiliki, na iliniuma. Shangazi alikuwa akilitazama paa lake.

"Kumbe penthausi ninayo siku zote," akasema. "Sasa huyu anataka kuivunja ajenge nini?"

Ijumaa alipita mlango hadi mlango. "Leteni mashuka yote. Kesho nafua bure."

Vibarua walipopanda na nyundo, banda hawakuliona. Waliona mashuka yanachuruzika maji, kamba kwa kamba, ukuta hadi ukuta, na kila mpangaji amesimama kando ya shuka lake.

"Vumbi likigusa langu, utalifua wewe," nesi wa ghorofa ya tatu akamwambia mkandarasi. Mkandarasi alimtazama nesi, akatazama nyundo, kisha akageuza ndoo akaikalia.

Mwenye nyumba mpya alifika akihema. "Mama, hizi zitakauka tu. Jumatatu narudi."

"Njoo, mwanangu. Hata nepi zako nilizianika hapahapa," shangazi akamjibu, huku akibana shuka la mwisho. "Jumatatu ni zamu ya mapazia."