Siku Niliyopunguza Ugumu wa Kisiwa

Nimejaribu kuusimulia mkasa huu kwa namna itakayonitoa nikiwa msafi, nimejaribu zaidi ya mara moja, na kila nikifika katikati nagundua kwamba mjinga wa hadithi bado ni mimi, kwa hivyo leo nausema ulivyo, na anayetaka kucheka acheke mapema tumalizane.

Mimi nauza viatu vya mitumba hapa Malaba, upande wetu wa Kenya, na kazi hii imenifundisha kwamba mtu akikuambia hiyo ndiyo bei ya mwisho, hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Okisai nilikutana naye sokoni. Ni dereva wa lori la masafa marefu, Mteso kwa kabila, wa huku huku kwetu, na kila akielekea Kampala lazima akwame kwenye foleni ya mpakani akingoja karatasi za mzigo. Alikuja kununua buti, nikamtajia bei, akanitazama kama mtu aliyeugua ghafla, tukabishana mpaka tukawa marafiki.

Kilichotufunga hasa ni gemu. Mama Nafula ana ukumbi wa mabati ambao wikendi unaonyesha mpira, na siku nyingine anakodisha ile televisheni kubwa kwa watu wa kucheza gemu (watu wazima, tena wenye familia, msidhani ni watoto). Gemu yetu ilikuwa ya kuponea: umetupwa kwenye kisiwa chenye baridi, huna chochote, utafute kuni, uvue samaki, uwakwepe mbwa mwitu, mpaka siku mashua ya kukuokoa itakapofika. Unachagua mwenyewe kiwango cha ugumu, na kile cha juu kabisa hakina huruma, ukifa umekufa, kila kitu kinafutwa. Lakini anayekicheza hupewa unyoya mwekundu kando ya jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, ili kila atakayewasha ile mashine auone.

Tulichagua hicho. Tukaandika majina yetu mawili, Okisai na Barasa, yeye acheze akiwa kwenye foleni, mimi nilinde kisiwa akiwa Uganda. Miezi ikapita hivyo. Madereva wengine wakawa wanapita kuuliza habari za kisiwa kabla hata ya kuuliza foleni imefika wapi.

Sasa, siku moja Okisai akaniambia kampuni yake imemhamishia barabara ya Tanzania. Anakwenda Kampala kwa mara ya mwisho, akirudi hatapita Malaba tena. Mashua ilikuwa karibu kufika, kwa hivyo aliniomba kitu kimoja tu, nimshikie kisiwa kikiwa hai mpaka arudi, tumalize pamoja, apige picha ya ule unyoya. Alikuwa ameshawaahidi watoto wake. Nikamwambia boss, wewe endesha lori, mambo ya mbwa mwitu niachie.

Mvua iliponyesha mchana mmoja na soko likawa tupu, nikaingia kwa Mama Nafula kulinda kisiwa. Huko kisiwani pia hali ya hewa ilikuwa mbaya. Theluji ikazima moto wangu, kuni zikawa mbichi, na mbwa mwitu wakaja, nikawahesabu watano, nikawahesabu tena nikakuta ni sita. Damu yangu ilikuwa imebaki kidogo sana. Nikaona miezi yote ile inaondoka mbele ya macho yangu, na uso wa Okisai akiulizia kisiwa.

Basi nikasimamisha gemu, nikafungua sehemu ya ugumu, nikajiambia nipunguze kidogo tu, moto uwake, halafu nirudishe. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, ikasema nikipunguza nitapoteza kitu ambacho hakitarudi. Mtu mwingine angeogopa. Mimi nikaisoma kama ninavyomsikia mteja anayesema anaondoka na hatarudi (huwa anarudi, tena na mwenzake). Nikabonyeza ndiyo.

Heri mngewaona wale mbwa mwitu. Walininusa kama watu waliokosea nyumba, wakaenda zao. Moto ukawaka, nikala samaki, nikarudisha ugumu juu kabisa pale ulipokuwa, nikahesabu kuni, mishale na samaki, nikahesabu tena, hakuna kilichopungua. Nikamwitisha Mama Nafula chai ya pili kwa furaha.

Kesho yake nikawasha mashine, na kando ya majina yetu hapakuwa na kitu.

Nilifikiri ni televisheni. Nikaipangusa kwa shati. Nikacheza kwa ugumu ule ule wa juu siku kadhaa, nikiamini mashine itaona bidii yangu iturudishie, na kila nikifungua ukurasa wa kwanza, majina mawili yako pale, meupe, kama ya watu wowote. Hapo ndipo ningepaswa kumpigia Okisai simu. Badala yake, alipopiga yeye kuuliza, nikamwambia unyoya unang'aa, tena nikaongeza kwamba awaambie na wenzake waje kuushuhudia.

Wakaja. Okisai alirudi kutoka Kampala, akaegesha lori, akaingia ukumbini na madereva wengi kuliko viti. Mimi nilikuwa nimefika mapema nikaifungua gemu hadi ndani ya kisiwa ili ukurasa wa kwanza usionekane, na mpango wangu (kama unaweza kuitwa mpango) ulikuwa mashua ifike, kelele ziwe nyingi, nijifanye nimegonga swichi kwa bahati mbaya, mashine izime. Nikaanza kuwasimulia jinsi nilivyopigana na mbwa mwitu sita. Nikasimama. Nikaonyesha kwa mikono.

Stima ikapotea, televisheni ikazima.

Ikarudi kabla sijakaa, mashine ikajiwasha, na ukurasa wa kwanza ukatokea mkubwa kama ukuta, mbele ya kila mtu.

Okisai akasogea karibu na televisheni. "Barasa, unyoya uko wapi?"

Nikasema stima imeufuta. Dereva mmoja akasema mbona stima imeufuta unyoya na majina imeyaacha. Watu wakacheka, na kile kicheko kikanipeleka mahali ambapo hata leo sipendi kupakumbuka, kwa sababu nilisema basi kuna mtu ameishika hii mashine nikiwa sokoni, na ufunguo wa ukumbi mimi sina.

Mama Nafula alikuwa mlangoni na sufuria ya chai. Hakupandisha sauti.

"Unasema mimi? Siku ya mvua nilikuwa nimekaa nyuma yako nikichambua mchele. Ulipunguza, ukawasha moto, ukapandisha. Nikanyamaza kwa sababu nilidhani mmekubaliana na mwenzako. Na bado ukaniitisha chai."

Hakuna aliyecheka sasa. Nilitamani wacheke. Nikaanza kumweleza Okisai kwamba ilikuwa kidogo tu, kwamba nilirudisha, kwamba hakuna samaki hata mmoja aliyepotea, nilimtajia hesabu yote. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

"Mimi nabeba kontena lenye sili, kile kifungo cha forodha," akasema. "Nikiikata njiani, nichungulie tu, nisiguse kitu, nifunge vizuri kabisa. Nikifika hapa mpakani wanaangalia mzigo au wanaangalia sili?"

Mtu wa Malaba hahitaji kuelezwa hilo.

"Ungeacha tufe, Barasa. Ningewaambia watoto tulikufa."

Akaweka ile rimoti ya gemu kwenye kiti, akamlipa Mama Nafula chai ya watu wote, akaniambia nimalizie mwenyewe. Wenzake wakamfuata. Nikabaki nikicheza, sijui kwa nini, labda kwa kuona aibu kusimama, na mashua ikafika kweli, yule mtu wetu akapanda, mashine ikatupongeza sisi wawili kwa majina. Mama Nafula akaniuliza kama nimemaliza, anataka kupanga viti. Nilimwomba msamaha. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayepokea noti iliyochanika.

Hapa sokoni siku hizi mteja akinishinda kwa maneno huniambia kwamba mimi hata mbwa mwitu walinipunguzia, bei ya viatu inanishinda nini kupunguza. Nilijaribu kuhamia Busia kwa muda, nikawakuta madereva wameshafika na habari. Okisai nilimtumia ujumbe tuanze kisiwa kingine, kila mtu kwa simu yake. Alijibu kwamba Tanzania barabara ni nzuri.

Nimeanza peke yangu, pale pale ukumbini, kiwango kile cha juu. Juzi mbwa mwitu walinikuta tena moto ukiwa umezima, na sehemu ya ugumu naijua ilipo, kidole kinaweza kuifikia gizani. Sikuigusa, na sitaigusa tena maisha yangu. Waliniua vizuri, kila kitu kikafutwa, nikageuka nyuma kutafuta wa kumwambia kwamba leo sikupunguza, na nyuma yangu palikuwa na ukuta wa mabati tu.