Mama Kiragu Alivyosahihisha X

Wanafunzi wa chuo wakitaka tasnifu ichapwe bila aibu, wanapanda ngazi za jumba moja pale River Road, juu ya duka la misumari na rangi, wanamwulizia Mama Kiragu. Jina lake ni Waithera, anatoka Dagoretti kila asubuhi, na kwa miaka thelathini na moja amechapa na kufunga kazi za wasomi ambazo nusu yazo haelewi. Akiona kosa analirekebisha kimyakimya. Hamwambii mtu. Ameokoa wengi hivyo, na wenyewe hawajui.

Mwezi mmoja mwanafunzi aitwaye Harleen, wa Parklands, alikuwa amevunjika mkono wa kulia, kwa hivyo sura ya mwisho ya tasnifu yake aliileta ikiwa imeandikwa kwa kushoto, herufi zikipepesuka kama zimelewa. Ilihusu supagraviti, yaani nguvu ya uvutano ikiunganishwa na ulinganifu unaotaka kila chembe iwe na mwenzake, ingawa wenzao hao hakuna aliyewahi kuwaona. Mama Kiragu alichapa yote, akafunga nakala tano kwa jalada jeusi.

Ijumaa saa nane mchana Harleen akaja kuzichukua. Zilitakiwa chuoni kabla ya saa kumi na moja. Zikichelewa, angengoja mwaka mzima. Akafungua moja, akaweka kidole juu ya mstari.

"Mama Kiragu, nani ametoa mraba hapa juu ya X?"

"Mimi. Uliandika X mraba ni sifuri, tena kila mahali. Nikasema huyu mtoto amechoka. Kama X mara X ni sifuri, si X yenyewe ni sifuri? Hiyo ni hesabu ya Form Two."

Harleen akakaa kwenye stuli. "X hii si namba ya kawaida. Ukisema ni sifuri, Mama, umefuta thesis yote."

Mama Kiragu akakitazama tena kitabu. Shuleni, hesabu ndiyo aliyoipenda kuliko masomo yote kabla karo haijaisha.

"Hapo chini mtaani si mko na lodging, hizi nyumba za kulala wageni?" Harleen akauliza.

"Zimejaa barabara yote."

"Chukua chumba cha vitanda viwili. Kila kitanda mtu mmoja, na mwenye nyumba ni mkali. X ni wageni wawili ndani. Sasa X mara X?"

"Wageni wanne."

"Na vitanda?"

"Viwili." Akafikiria. "Hawaingii."

"Ndiyo maana X mraba ni sifuri. Lakini X peke yake, wale wawili wa kwanza?"

"Wako ndani," akasema polepole. "Wanakoroma."

"Basi. Ulinganifu umevunjika lakini haujaenda. Umejificha ndani ya hao wawili, na bado unaongoza hesabu yote, ila kwa njia iliyopinda. Haulazimishi tena kila chembe iwe na mwenzake."

"Kama mume wangu, Baba Kiragu. Ameaga miaka sita, na mimi bado natia chumvi kidogo kwa sababu ya presha yake."

"Karibu hivyo, Mama."

Mama Kiragu akachukua kisu. Kurasa kumi na moja katika kila kitabu: alizikata karibu na mshono, akachapa nyingine, akapaka gundi mstari mwembamba, Harleen akikandamiza kwa mkono mmoja. Ilipofika saa kumi na robo Mama Kiragu akasimama ghafla.

"Na hapa? Hapa uliandika X ni sifuri, bila mraba, na mimi sikugusa. Niliona iko sawa nikaiacha. Lakini wageni wako wamo ndani, ama?"

Harleen akavuta karatasi zake za mkono, akatazama, akatazama tena. Kosa lilikuwa lake mwenyewe.

"Prof angenichinja."

"Kama mbuzi kwenye kichinjio cha Dagoretti. Leta gundi."

Kwa kuwa Harleen hangeweza kubeba vitabu vitano kwa mkono mmoja, Mama Kiragu alifunga duka, akavipakata kifuani, wakaenda kwa miguu, mbiombio. Walipofika chuoni zilibaki dakika nane. Karani akachukua cha kwanza, akanyanyua muhuri.

"Polepole, baba," Mama Kiragu akamwambia. "Usibonyeze sana. Gundi bado ni mbichi."