Tarishi Hewa

Kwa miaka ishirini na sita Bahasha, tarishi pekee wa wilaya, alipeleka barua za serikali kwa baiskeli, na katika muda huo wote haikutokea hata moja yenye habari njema kwake. Wengine aliwapelekea vyeo, uhamisho, na mialiko ya semina zenye chai na posho. Yeye akaambulia jina la utani na nyonga inayouma.

Hata lile tangazo la uhakiki alilisambaza mwenyewe, ofisi saba, jua la utosi, bila kujua kilichomo. Kumbe walikuwa wanasakwa wafanyakazi hewa, yaani wale ambao majina yao yanakula mshahara ilhali wenyewe hawapo duniani. Kila mtumishi alete nakala ya cheti chake cha shule ya msingi kabla ya saa sita Ijumaa. Asiyefika, afutwe.

Ijumaa hiyo mkewe alimfunga vifungo vya shati kama anayempeleka kuoa.

"Beba na cheti chenyewe."

"Wamesema nakala, mama."

"Nakala ni kivuli, baba. Kivuli hakiajiriwi. Na vijiko vyangu uviache!"

Cheti akakibeba, kimevishwa plastiki ngumu. Vijiko viwili navyo akavibeba kisirisiri, maana ndivyo alivyobandulia tairi. Nyumbani kwao hakukuwa na kijiko kisicho na kibiongo.

Saa nne na nusu, safari ikiwa nusu, chupa iliyovunjika ikampasulia tairi la nyuma, urefu wa kidole. Fundi hakuna. Gundi aliyobeba imekaukia koponi. Akaipindua baiskeli miguu juu, akachokonoa kwa vijiko, akauvuta mpira wa ndani, akaukunja palipotoboka na kupafunga kwa ukanda wa mpira mkuukuu, akikaza kwa meno. Ufundi wa shida, lakini ulishika. Balaa likawa tairi lenyewe: kila akijaza upepo, mpira unachungulia kwenye mpasuko kama ulimi wa mtoto mjeuri.

Pale palitaka kitu kigumu kwa ndani. Akajaribu majani makavu, yakasagika. Akavua soksi, ikatokeza nje pamoja na mpira. Akafungua bahasha aliyobebea nakala na cheti. Nakala ilikuwa laini kama karatasi ya chooni. Cheti ndicho kilichokuwa kigumu.

"Wamesema nakala," alijiambia kwa sauti, ili mkewe asikie huko aliko.

Akakikunja mapande manne, akakilaza ndani ya tairi, akapampu. Tairi likatulia tuli. Tangu kitolewe, cheti kile hakijawahi kumfikisha popote. Siku hiyo kilimfikisha makao makuu, saa sita kasoro robo.

Mhakiki alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakala naiona. Halisi je?"

"Tangazo limesema nakala."

"Sasa nakala nitaihakiki na nini, mzee? Na sura yako?"

Bahasha akakohoa. "Halisi ninayo. Imo ndani ya tairi."

Foleni ikaangua kicheko. "Na cheti cha ndoa, mzee, kimo kwenye kengele?" aliuliza karani wa masjala, nyuma yake.

Binti hakucheka. Alitazama saa ya ukutani, akatoka naye uani, foleni ikiwafuata kama arusi. Bahasha akalegeza valvu. Fyuuu.

"Mfanyakazi huyooo, anatoka!" karani akapiga kelele.

Cheti kilitoka kimepinda kama mfereji wa bati. Kigae cha chupa kilichosalia kwenye tairi kilikuwa kimekitafuna njia nzima, na kwa kuwa kilikunjwa, tundu moja lilizaa manne: kwenye nembo, kwenye tarehe, kwenye sahihi ya mwalimu mkuu, na kwenye mstari wa katikati. Binti akakinyoosha juu ya goti, akakisoma kwa kidole.

"'Amehitimu elimu ya msingi.' Nani amehitimu?"

"Mimi. Jina langu hilo hapo."

"Hapa pana tundu."

"Ndipo nilipo, mwanangu."

"Kwenye tundu hakuna mtu, mzee."

Alilisema kwa upole, na upole ndio uliouma. Saa sita ikagonga. Akaandika neno moja mbele ya jina la Bahasha: hewa.

Watu walipotawanyika, karani akamsogelea, mzaha umemwisha. "Kata rufaa. Andika barua, una siku saba. Ila hawapokei mkono kwa mkono. Lazima ipelekwe na tarishi."

"Tarishi gani?"

Karani akakumbuka ana kazi ndani.

Nyumbani ni mbali, na tairi bado limepasuka. Bahasha akakikunja cheti palepale kilipokwisha kuzoea kukunjwa, akakirudisha ndani, akapampu. Kabla ya kupanda alijaribu kuvinyoosha vijiko kwa goti, walau mkewe asiwe na mawili ya kuuliza. Kimoja kikakatika.