Gunia la Mchangani

Mume wangu Marselino alijifunza gofu hapa Geita, kwenye uwanja ambao kuzunguka shimo hakuna nyasi, ni mchanga uliomwagiwa oili chafu. Kabla hajapiga mpira uingie shimoni, mimi nilikuwa naburuta gunia kuusawazisha mchanga, naye anasimama pembeni. Sasa ni mchezaji wa kulipwa, mwaka wa sita yuko Dar, kwenye nyasi laini kama zulia. Mimi niko hapa hapa Geita, mtaani Kalangalala.

Jana nimemwona kwenye simu, fainali, mpira umebakiza hatua mbili kufika shimoni. Akasogea pembeni, akasimama. Watu wakacheka. Mtangazaji akasema Marselino kasahau zamu yake.

Kasahau nini, mjinga wewe! Alikuwa ananisubiri nipite na gunia.