Baba Mkwe Ndiye Mwenyekiti, Mimi Ndiye Katibu

Habari admin. Naomba ufiche jina langu, na wilaya usiitaje. We sema tu ni huku Mara, maana kuanzia Bunda hadi Butiama watu wa michezo wote tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili. Zamani nilikuwa mfungaji wa netiboli, na sijisifu, ila nilikuwa natisha.

Baba mkwe wangu ni mwenyekiti wa chama cha netiboli cha hapa kwetu. Amekalia kiti hicho tangu mimi niko shule. Ukimuuliza uchaguzi lini, jibu ni "bado tunajipanga". Mwaka juzi akaniteua kuwa katibu. Nilifurahi kama mjinga, nikajua ameona uwezo wangu, na mabinti sasa wamepata mtu wa kuwasemea. Kumbe mzee alikuwa na hesabu zake. Kwetu mke wa mtoto habishani na baba mkwe. Humpi mkono, humwiti jina, akiongea unaangalia chini. Sasa niambieni, katibu wa namna hiyo atampinga mwenyekiti saa ngapi?

Vikao vyetu vinakwenda hivi. Anasema lake, kisha ananigeukia: "Katibu, una pingamizi?" Mimi kimya, macho sakafuni. "Katibu hana pingamizi, tuendelee." Wajumbe wananung'unika nje, ndani wananyamaza. Wanasema kama katibu mwenyewe amekubali, wao ni nani?

Sasa msimu huu timu ya kijiji kimoja cha wakulima wa pamba ilichukua ubingwa wa wilaya, ikatakiwa kwenda Musoma kwenye mashindano ya mkoa. Kocha wao ni mama mmoja mkali niliyecheza naye zamani, na ndiye anayeuliza habari za uchaguzi kila kikao. Nilikuwa namwekea baba mkwe chai nyumbani kwake alipompigia simu yule mama na kumwambia mashindano yameahirishwa, wasubiri. Nilisikia kwa masikio yangu. Hayakuwa yameahirishwa. Akapeleka timu ya rafiki yake.

Kikao kilichofuata kocha akasimama kuuliza. Baba akamjibu bila kupepesa macho, "Mlijitoa wenyewe, na timu ikijitoa inafungiwa msimu mzima. Katibu, una pingamizi?"

Ukumbi wote ukanigeukia. Yule mama akaniambia, "Wewe si tulikuwaga tunacheza wote? Sema basi!"

Sikusema. Niliumia mpaka nikaona aibu kupita mbele yake wakati wa kutoka. Adhabu inapitishwa Jumamosi hii. Wengi wa wale mabinti wanamaliza kidato cha nne mwaka huu, hawana msimu mwingine wa kusubiri, na shahidi wa ile simu ni mimi peke yangu.

Nilimweleza mume wangu. Ni mtu mpole, hajawahi kuninyanyulia hata sauti, lakini siku hiyo alibadilika. "Umuaibishe baba mbele za watu kwa ajili ya mpira? Ukifanya hivyo, ukitoka ukumbini usirudi hapa, nenda kwenu moja kwa moja. Na watoto unaniachia."

Najua wengi mtaniambia nijiuzulu tu niwe huru. Nimeshajaribu. Juzi nilikwenda kwa baba, nikapiga magoti, nikamwambia ukatibu umenishinda, naomba nipumzike. Alicheka. Halafu akasema taratibu kabisa, kama anayemfundisha mtoto:

"Ukatibu nilikupa mimi. Na ng'ombe wa mahari yako walitoka zizini kwangu. Sasa mama, unajiuzulu kipi?"

Nikanyanyuka nikaenda kupika. Ndugu zangu mnaosoma hapa, msinitukane, nishaurini. Jumamosi ataniuliza tena. Nitamjibu nini?